Levie ya 60 cm na duye za pembe sita: miezi minane ku freni ya RAV4 yangu

Nianze na jibu, juu najua wengine mutasoma apa tu kisha muende. Kama uko na Toyota ya zamani apa Goma na unataka kujifungulia freni mwenyewe, nunua levie ya 60 cm, ule mukono murefu wa chuma wa kuzungushia duye, na ununue duye (vile vikombe vya chuma vinavyovaa kichwa cha buloni) za pembe sita, mbele ya kununua kitu kingine chochote. Mimi nilinunua vyangu Birere miezi minane iliyopita. Nimefungua nazo freni za mbele mara mbili na tambura (ngoma za freni) za nyuma mara moja, na hakuna kichwa cha buloni (bolti) hata kimoja kilichoharibika. Mbele ya hapo nilikuwa nimeshaharibu buloni mbili na kukata moja, njo maana naandika.

Gari yenyewe ni RAV4 ya 2002, volani kulia kama nyingi za apa kwetu. Siku moja nilikuwa natoka Musanze, na ule mutelemko murefu wa kushuka Rubavu unaujua, unakanyaga freni, unaachilia, unakanyaga tena, sasa ku pine ya mbele kushoto ikaanza sauti ya chuma inalia kiiiii kila nikikanyaga. Nikawaza jiwe limeingia. Kumbe plaketi, kile kipande kinachobana disiki ya pine ili gari isimame, ilikuwa imekwisha. Plaketi nyingi ziko na kakipande ka chuma chembamba pembeni, plaketi ikibaki na milimita mbili ao tatu kale kachuma kanagusa disiki na kuanza kulia, kazi yake ni hiyo tu, kukuita mapema. Ukikasikia usingoje wiki. Mimi nilingoja, nikakuta plaketi ya ndani imebaki chuma kitupu kinakula disiki.

Nilipeleka gari ku garaji moja (sitaitaja). Kijana akaanza na duye ya pembe kumi na mbili iliyochoka, ku buloni za kichwa cha milimita 17, zile za nyuma zinazoshika sapoti ya etrie, ile inayobana plaketi, akapiga na nyundo ili iingie, akavuta na bomba, kichwa kikazunguka peke yake buloni imekaa palepale. Akaniambia inaomba kuchoma na shalimo, ule moto wa gesi, ao kukata. Nikalipa, nikarudi nyumbani na freni ileile na buloni imeshakuwa ya duara. Iliniuma sana, si juu ya pesa, ni juu ya ile buloni. Ilikuwa nzima asubuhi, na jioni imeshaharibika kwa haraka ya dakika tano.

Kwa nini buloni za huku zinashika vile? Angalia mabati ya nyumba yako. Volkano yetu ya Nyiragongo inatoa moshi wenye sulfa, moshi ukikutana na mvua, maji yanashuka na asidi, mabati yanakula kutu mbele ya wakati. Sasa ile mvua haichagui, inanyeshea na chini ya gari yako. Ongeza lile vumbi jeusi la barabara zetu, ni mawe ya lava yaliyosagika, linaingia mu meno ya buloni, linachanganyika na maji na kutu, linakauka kama simenti. Gari iliyofika na buloni zake safi, baada ya misimu miwili ya mvua apa kwetu unaikuta ingine kabisa.

Basi nikaenda Birere. Mule ku zile butike ndogo za vipande na vyombo, kuna papa mumoja anauzia ku meza na kadepo nyuma, vyombo vingine vipya, vingine okazyo (vya mitumba). Nikamwambia Papa, natafuta kitu cha kufungua buloni ya 17 iliyokataa. Hakunionyesha chombo kwanza, aliniuliza: "Kichwa iko namna gani, iko bado na kona zake?" Nikamwambia moja iko, moja imekwisha. Akatoa duye mbili za 17, akazielekeza ku mwangaza, akasema, "Mwanangu, hesabu pembe za ndani." Moja ilikuwa na kumi na mbili, moja sita. Akasema ya kumi na mbili ni ya buloni zenye afya, inaingia haraka, lakini inashika ku ncha ya kona tu, na kona ikishaliwa na kutu inateleza. Ya sita inalala ku ubavu muzima wa buloni. Nilikuwa na miaka mingi nashika vyombo na hakuna mutu aliyekuwa ameniambia hivyo.

Nilichukua levie moja na duye sita: 10, 12, 14, 17, 19 na 21 ile ndefu ya ekru (nati) za pine. Vyote dola 31 baada ya kuongea bei, alianza na 40. Si bei ya kuchekesha kwa mutu wa apa, najua. Lakini garaji ilikuwa imeniomba karibu nusu ya hiyo kwa kuharibu buloni, basi hesabu mwenyewe.

Sasa chombo chenyewe. Levie ni nzito, chuma kimejaa, imeandikwa chrome vanadium, kichwa kinakunjika huku na huku ili upate nafasi chini ya gari, na hiyo inasaidia sana juu mule ndani ya pine nafasi ni kidogo. Urefu njo siri yote. Chukua hesabu nyepesi: ukivuta kwa uzito wa kilo 50 ku kle (spana) ya kawaida ya sentimita 25, unapata karibu 120 za Newton-mita. Uzito uleule ku levie ya sentimita 60 unapata karibu 300. Mwili ni uleule, jasho ni lilelile, lakini buloni inasikia mara mbili na zaidi. Na la muhimu kuliko nguvu: unavuta polepole. Na kle fupi unalazimika kurukia, kupiga mateke, na ile kupiga njo inafanya duye iteleze. Na levie ndefu unaegemea tu, unaongeza mwili kidogo kidogo mupaka usikie.

Na utasikia. Buloni ikiachia inatoa sauti moja kavu, "tak!", kama mutu amevunja fimbo. Mara ya kwanza niliogopa nikadhani nimeikata. Apana, ilikuwa ni kutu inavunjika. Ile ya kukatika iko tofauti kabisa, haina sauti, unasikia mukononi buloni imekuwa laini kama inanyooka, inazunguka lakini inazidi kuwa laini badala ya kulegea. Ukisikia ule ulaini simama palepale, rudisha nyuma kidogo, weka mafuta, ngoja. Mimi ile niliyoikata, mwaka jana na kle ya kukopa, niliusikia ule ulaini na nikaendelea.

Vile ninavyofanya sasa ni ivi. Jioni ya mbele, gari imepoa, napiga brosi ya chuma ku buloni mupaka nione meno yanayotokeza, napulizia degripan, ile mafuta ya kulegeza kutu, kisha nagonga kichwa cha buloni na nyundo ndogo mara kumi na tano ivi, si kwa hasira, kugonga tu ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Naacha ilale. Asubuhi napulizia tena, nangoja nusu saa nikikunywa chai. Mbele ya kufungua, nakaza kwanza kidogo sana, kama upana wa kucha, juu ukiikaza kutu inapasuka upande ambao hukuwa umeushindilia, kisha ukirudi kufungua inakuja. Ikisogea robo, usiivute yote kwa furaha, irudishe, weka mafuta, toka nusu, irudishe tena. Inachukua muda, ndiyo. Kutoa buloni iliyokatikia ndani kunachukua siku mbili.

Wale wasiopata degripan ya duka, mafundi wengi wanachanganya asetoni na mafuta ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu, inaingia vizuri kwa kweli, lakini asetoni inakula rangi na plastiki na inawaka moto haraka sana, usiikaribishe ku sigara wala ku makaa. Na aina yoyote ya mafuta utakayotumia, yasifike ku plaketi, ku disiki wala ku mipira ya etrie. Plaketi iliyolowa mafuta haisafishwi, inatupwa. Na ile mipira ya freni inavimba ikikutana na mafuta ya petroli, leo huoni kitu, kisha mwezi ujao etrie inashika na pine moja inakuwa ya moto. Ku zile pini ambazo etrie inatelezea unaweka grisi ya silikoni, si ile grisi ya rulema (beringi). Nimeona watu wazuri, mafundi wa kazi, wanaweka grisi ya rulema pale, na roho inaniuma kila mara.

Kitu kimoja kinachodanganya wengi ku zile buloni za 17: ziko nyuma, na wewe umelala mbele ya gari unazitazama upande wa mukia. Upande wa kufungua unaonekana kama umegeuka. Kuna siku rafiki yangu alivuta na levie yangu kwa nguvu zote dakika kumi, akiikaza. Na chombo kirefu ivi kosa hilo linakata buloni kweli. Kabla ya kuvuta, jiweke mu akili kama uko unaangalia kichwa cha buloni uso kwa uso, kufungua ni kinyume cha saa, kila mara.

Nyuma ku tambura levie haina kazi kubwa, nawaambia ukweli. Tambura zangu zilikuwa zimeshikana na mwaya, pale pine inapofungwa, kama zimechomelewa. Watu wanapiga na nyundo kubwa mupaka pembeni inapasuka. Ukiangalia uso wa tambura za Toyota utaona matundu mawili madogo yenye meno, hayana buloni, wengi wanadhani kuna kitu kilipotea. Yale ni ya buloni zenye unene wa milimita 8 (kichwa chao ni cha 12), meno ya 1,25. Unaingiza mbili, unazikaza kwa zamu, nusu huku nusu kule, na zenyewe zinasukuma tambura nje. Freni ya mukono iwe imeshushwa, la sivyo utapigana na kitu ambacho umekifunga mwenyewe. Nilitumia ile duye ya 12 ku buloni zenyewe, tambura ikatoka nzima mu dakika saba. Buloni mbili za bei ya peremende! Tangu siku ile naziweka mu gari.

Ekru za pine: legeza kabla ya kupandisha gari, ikiwa bado imekaa chini. Levie ya 60 na duye ya 21 inazifungua hata zile zilizokazwa na mashine ya hewa kwa fundi wa pine. Lakini usizikaze na levie! Ku RAV4 yangu kipimo ni 103 za Newton-mita, na levie hii unapita hapo bila kujua hata kama huna nguvu. Kwa kukaza mimi narudi ku kle fupi, na siku hizi nakopa kle ya kupima kwa jirani.

Na tafadhali ndugu zangu, hili naliandika na roho yangu yote: usiingie chini ya gari iliyosimama ku kriki (jeki) peke yake. Na usiiweke ku mawe ya lava. Tunayo kila mahali, ni rahisi kuyaokota, yanaonekana magumu, lakini mengi yamejaa matundu ndani kama mukate, yanapasuka ghafla bila kukuambia. Kwa kuzuia pine isitembee, sawa, weka jiwe. Kwa kubeba gari, apana. Tafuta shandeli (vile vyuma vya kusimamishia gari) mbili, hata za kukopa, hata za kuchomelesha kwa fundi muzuri. Levie ndefu inatikisa gari ukivuta, kwa hiyo kwa chombo hiki shandeli si mapambo.

Makosa ya seti yangu sasa. La kwanza, kale kampira ka chuma ku ncha ya levie kanakoshika duye kamelegea mwezi wa tatu, duye inaanguka ukiwa umelala chini, imeshaniangukia ku shavu. La pili, ile duye ya 19 iko pana kidogo, inacheza ku buloni, siiamini ku buloni iliyoshika na sijaitumia kwa nguvu. Zingine zinaingia vizuri, zinabana. La tatu ni kosa la kununua: sikuchukua ya 8. Ile visi ndogo ya kutolea hewa ku freni, ku Toyota nyingi ni ya 8 ao ya 10, ni laini, ina tundu katikati, inakatika kirahisi kuliko zote. Ku hiyo usitumie levie kamwe. Duye ya pembe sita ya saizi yake na kle ndogo, mafuta usiku muzima, kugonga kidogo, na ikikataa, iache, badilisha plaketi zako bila kuigusa mupaka upate mutu wa kuichoma polepole. Na kama ulisafisha pale na spre ya kusafishia freni, usilete moto, zile zenye klorini zikichomwa zinatoa gesi ya sumu kali.

Visi ikikubali, kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mimi nilimuita yaya yangu mukubwa akae ndani, namwambia "kanyaga... shika... achilia", na likide ya freni inatoka nyeusi kama kahawa mupaka ikawa ya rangi ya asali. Likide ya freni inavuta maji kutoka ku hewa, ile ya aina DOT 3 mupya inachemka ku digrii 205 lakini ikishanywa maji inashuka mupaka ku 140, na ku mutelemko kama ule wa Rubavu freni zinapata moto kweli, likide ikichemka pedali inaingia mupaka chini bila kitu. Ikimwagika ku rangi ya gari osha na maji palepale.

Mambo mengine haraka: etrie ikitoka ifunge na waya ku springi, isiningʼinie ku mupira wa likide. Ku disiki kuna maandishi MIN na namba, disiki ikiwa nyembamba kuliko hiyo inabadilishwa, haichongwi. Vumbi la plaketi usilipulize na mudomo wala na kompresa, lowesha na maji, juu plaketi zingine za zamani ziko na amiante (asbesto). Na ukimaliza, mbele ya kuwasha gari na kutoka, kanyaga pedali mara nyingi mupaka iwe ngumu. Pistoni imerudi nyuma, kanyago la kwanza halitashika kitu, na hapo mbele yako kuna ukuta wa jirani.

Mimi asubuhi mapema nilichukua njia ya Sake, gari chache, nikaenda 50 kwa saa kisha nikapunguza taratibu mupaka 10, mara nane ivi, bila kusimama kabisa, ili plaketi mupya na disiki vizoeane. Kurudi, nilipofika rondi-pwe ya Chukudu nikakanyaga na gari ikasimama pale nilipotaka, haivuti kushoto, hailii. Mukono bado ulikuwa unanuka degripan na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama mutu asiyefungua gari anaielewa.

Alama yangu: levie nne kwa tano, juu ya kale kampira. Duye za pembe sita tano kwa tano, kasoro ile ya 19. Butike yenyewe tano, kwa ile "hesabu pembe za ndani" peke yake, papa angeweza kuniuzia chombo cha bei kubwa nikaenda. Ile buloni ya duara? Tuliitoa na duye ya 16 yenye pembe sita, tukaipigilia na nyundo ku kichwa cha 17 kilichokwisha, levie, mwili, tak. Nikaweka buloni mupya pande zote mbili.

Duye ya 8 nishainunua. Jumamosi ni Toyota Noah ya shemeji, tambura za nyuma, na jana jioni nimeshaenda kuzipulizia mafuta.